Jina Nililolitaja Mwenyewe

Itaka, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Sekela,

Mama yako amekwisha kukwambia habari za blanketi, za kuchemsha maji, na za kutokaa karibu na dereva ndani ya lori. Hayo siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenishinda kulisema kwa mdomo siku zote hizi ulizokuwa ukifunga mizigo. Mara mbili nimekuita shambani, na mara mbili nimeishia kukuonyesha kahawa iliyoshikwa na ugonjwa.

Ulipokuwa na miaka minane au tisa, ulinifuata asubuhi hadi mwisho wa shamba ukanikuta nimekaa kwenye kichuguu, nasema peke yangu. Ukaniuliza, "Baba, unaongea na nani?" Nikakujibu kwamba nilikuwa nakohoa. Ulinitazama, ukarudi nyumbani, na hukuniuliza tena. Juzi nimekusikia jikoni ukisema kwamba huko hospitali unakokwenda kujifunza uuguzi watakuandika dini. "Baba ana dini gani?" ulimwuliza mama yako. Akakwambia, "Kamwulize mwenyewe." Hukuja. Sikulaumu, maana ulishawahi kuja nikakudanganya. Basi leo nakuja mimi.

Unajua kwamba kabla yako alikuwako Naomi, na kaburi lake unalijua. Ulichoambiwa ni kwamba alikufa kwa homa. Ni kweli. Lakini kuna mambo yaliyoizunguka homa hiyo ambayo hukuambiwa, na mwenye kuyaficha ni mimi.

Siku hizo nilikuwa mwalimu wa dini hapa hapa Itaka. Asubuhi nilifundisha watoto kusoma, alasiri nikawafundisha watu wazima waliotaka kubatizwa. Nilikuwa kijana, na nilikuwa mkali. Nilibomoa kwa mikono yangu kibanda kidogo ambamo babu yako alikuwa akiweka unga kwa ajili ya wazee waliokufa, nikazichoma nyasi zake mbele ya watu. Nilisifiwa sana. Nilipenda kusifiwa, nikadhani kule kupenda ndiyo imani.

Shangazi yangu Namwene alikuwepo siku hiyo, akatazama moshi mpaka ukaisha. Yeye ndiye aliyenilea, kwa sababu mama yangu alikufa nikiwa sijaanza kutambaa. Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma nilipata kidonda mguuni, na shangazi alinibeba mgongoni kwenda misheni na kurudi mpaka kikapona. Yeye mwenyewe hakubatizwa. Alisema mambo ya misheni ni mazuri kwa watoto.

Naomi alikuwa na miaka sita alipougua. Siku ya pili ya homa alianza kukakamaa, macho yakageuka. Asubuhi hiyo shangazi alikuja na chungu kidogo cha majani yaliyochemshwa.

"Mpe anywe kidogo," alisema, "halafu tumbebe tumpeleke zahanati. Nitabeba mimi, miguu yangu bado mizima."

"Shangazi, mimi ni mwalimu wa dini. Watu watasema nini wakiona chungu hiki mlangoni kwangu?"

"Basi acha chungu. Tumbebe mtoto."

Nikamwambia wazee wa kanisa wako njiani, wanakuja kuomba, na kwamba tukiondoka sasa itaonekana hatuamini. Nikaimwaga dawa yake uani. Mama yako alikuwa amempakata Naomi. Alinitazama, hakusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha asiseme kitu. Wazee walikuja, tukaomba kutwa nzima. Niliomba vizuri sana, Sekela. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote: mtoto alikuwa anahangaika mbele yangu, nami nikawa nasikia uzuri wa maneno yangu. Alikufa kesho yake, jua likiwa utosini.

Huko unakokwenda utajifunza mambo ambayo labda yatakuonyesha kama zahanati ingemponya. Ukishajua, usiniandikie.

Baada ya matanga niliishiwa. Nilifungua kitabu cha sala nikaona herufi tu. Ndipo mimi, mwenye kuchoma kibanda cha wazee, nikashuka bondeni upande wa mto Momba kwa mganga mmoja ambaye watu walimtaja kwa kunong'ona. Niliwaaga watu kwamba naenda kununua mbegu. Yule mganga alikuwa mtu mnyonge, anakohoa, macho mekundu kwa moshi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza:

"Mtoto alipokuwa mgonjwa, nani aliingia na kitu mkononi?"

"Shangazi yangu."

"Kitu gani?"

"Chungu cha majani."

Akatikisa kibuyu chake kidogo, kama mtu aliyechoka na kazi, akasema, "Umeshasema mwenyewe."

Nilirudi nikawaambia watu wa ukoo kwamba mganga amemtaja Namwene. Hakumtaja. Jina lilitoka kinywani mwangu. Nilijua hivyo njiani, na nilijua hivyo nilipokuwa nawaambia. Nilikuwa nataka mtu wa kumtwisha kifo cha Naomi, nikamchagua yule niliyejua hatanirudishia.

Asubuhi ya pili walikwenda wanaume watano. Mimi nilikuwa wa sita, nyuma yao. Waliezua paa la nyumba yake, wakatupa vyungu nje, wakamwambia jua lisimkute tena Itaka. Binti yake, Ruti, alikuwa msichana aliyekwisha kuposwa, akalia huku ameshika nguzo ya mlango. Shangazi hakulia. Alifunga nguo zake ndani ya kaniki, akatazama kundi lote mpaka akanipata nilikokuwa nimejificha. Nilidhani atanilaani. Akasema, "Yohana, kuku sijawafungulia." Kisha akaondoka.

Niliwafungulia. Sijui kwa nini nakwambia hili, ila nilikwenda nikawafungulia kuku.

Alitembea hadi Ndalambo kwa jamaa za marehemu mume wake. Hakumaliza mwaka. Msimu wa baridi uliofuata tulisikia kwamba amekufa kwa kifua. Hapa kijijini hakuna aliyeuliza. Serikali ilikuwa imekataza kumwita mtu mchawi, kwa hiyo kila aliyehusika aliogopa boma, na wote tukanyamaza. Waliomposa Ruti walirudi nyuma. Yule mama jirani yetu, ambaye hana mtoto na kila siku huchota maji baada ya wenzake kuondoka kisimani, ndiye huyo. Ulipokuwa mdogo ulikuja na wimbo wa binti wa mchawi ambao watoto walikuwa wakimwimbia. Nilikuchapa. Ulidhani nimekuchapa kwa sababu ya utovu wa adabu.

Kanisa lilinitenga. Walijua nilikwenda kwa mganga, na hilo lilitosha. La shangazi hawakuliuliza, maana alikuwa mpagani, na wawili kati ya wale wanaume watano walikuwa wanakaa benchi la mbele. Baada ya miezi sita niliitwa nitubu ili nirudishwe. Nilisimama, nikaanza kusema maneno ya toba, na nikasikia sauti yangu ikinyooka, ikipanda na kushuka kama zamani. Wanawake walianza kulia. Nikaona kwamba naweza kuifanya kazi ile vizuri hata kama moyoni hamna kitu. Nikanyamaza katikati ya sentensi, nikatoka nje. Sijarudi. Wako watu waliomo mle wanaoomba kwa kweli, na mama yako ni mmoja wao. Mimi sikufukuzwa na Mungu wao. Nilikimbia ulimi wangu.

Na kwa wazee wa ukoo sikuweza kurudi pia. Ningewawekea unga kwa uso gani, baada ya kuwachomea nyumba na kumfukuza binti yao?

Nikakaa karibu miaka miwili bila kitu chochote. Nisikudanganye kwamba ulikuwa uhuru. Nilikuwa nalima, nakula, nalala, na saa zote niko kama mtu anayesubiri kuitwa kortini, ila hakuna anayemwita. Mwishoni nikatembea siku tatu kwenda Ndalambo.

Mwenyeji wa shangazi alikuwa mjane wa Kinamwanga, wifi yake, mwanamke mrefu mwenye mkono mmoja uliopooza. Nilimkuta anapepeta ulezi. Nikajitaja jina, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Kwa nani?" akauliza.

"Kwa shangazi."

"Huyo tumemzika." Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Jembe liko nyuma ya mlango. Kaburi lina majani."

Alinipeleka. Nikapalilia, naye amesimama. Nilipomaliza akasema, "Sasa mwambie ulichofanya. Nami nataka kusikia, maana nilimwuguza bila kujua kwa nini alikuja kwangu. Kila nikimwuliza alisema nyumba yake ilivuja."

Nikaanza: "Shangazi, watu walinilazimisha..."

"Nani alikulazimisha?"

Nikang'oa jani lililobaki.

"Anza tena," akasema.

Nikaanza tena, nikasema mganga alimtaja. Lakini nilipofika hapo sauti ikanitetemeka, akaijua. "Anza tena." Sekela, nilianza mara nne au tano. Kila mara nilikuta kuna kipande nimekipamba. Mwisho nilisema hivi tu: "Mtoto wangu aliumwa, nikakataa umbebe. Alipokufa nikasema umemwua wewe. Ni mimi niliyesema." Maneno hayakuzidi hapo. Yule mama aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ulezi wake. Hakusema nimesamehewa. Alinipa uji, nikalala kwake, asubuhi nikaondoka.

Sikusikia amani, kama unataka kujua. Lakini njiani, kwa mara ya kwanza tangu Naomi afe, niliona vitu. Niliona mti ni mti, na mtu niliyepishana naye nikamsalimu nikamsikia akiitika.

Niliporudi nikaanza kwenda kwenye kile kichuguu. Hakuna aliyenifundisha, na njia yenyewe niliikosea mara nyingi. Mwanzo nilikuwa naomba: nipate usingizi, nipate ishara, Naomi aje ndotoni. Hakuna kilichokuja, na kila asubuhi niliondoka nimekasirika kama mtu aliyenyimwa. Nikaacha kuomba. Halafu nikajiwekea masharti, nisile nyama, nisinywe pombe, nifunge siku kadhaa, na kabla ya mwezi kuisha nikawa nimeanza kuwadharau majirani wanaokunywa. Mwalimu wa dini yule yule, amevua kanzu tu. Nikayaacha na masharti.

Kilichobaki ni kidogo. Nakaa. Nasema kwa sauti, ingawa ya chini, nilichofanya jana, kama nilivyomwambia yule mjane, na nikisikia nimepamba naanza tena. Nasema kwa sauti kwa sababu moyoni mtu hujidanganya upesi. Sikio ni gumu kidogo kudanganyika. Kisha nanyamaza kwa muda wa kama kuchemka kwa maji ya uji. Mara nyingi katika ukimya ule nawaza mbolea na mchwa. Kuna siku chache, ningeweza kukuhesabia kwa vidole, nimejisikia nimekaa na mtu. Sijui ni nani. Sikumwuliza.

Na kila mwaka ulezi ukishavunwa natembea hadi Ndalambo nikapalilie lile kaburi. Ndiko ninakokwenda. Nilikuwa nakwambia naenda kuwaona jamaa.

Lakini ngoja nikwambie pia ubaya wake, maana sitaki ukachukue kitu nusu. Nilipokuwa nimekwisha kuzoea, nilianza kujiona mtu wa pekee. Nilikuwa natoka nyumbani gizagiza nakwenda kukaa, na mama yako, akiwa na mimba yako, anachota maji, anachanja kuni, anawasha moto. Narudi mtulivu, nakuta uji tayari. Asubuhi moja alinisimamia mlangoni. Tangu msiba alikuwa bado ananiita baba Naomi.

"Baba Naomi," alisema, "nimekusikia huko. Upepo unaleta. Kila siku unakiambia kichuguu mabaya uliyonitendea. Mimi mwenyewe hujaniambia hata moja."

 Nilisimama pale na ndoo yake nikiwa nimeipokea bila kujijua. Akasema, "Nilikuwa nimemshika mtoto. Nilitaka tumbebe. Hukuniuliza."

Nikamwambia. Siku hiyo kazi haikufanyika. Nilimwambia yote, hadi lile la kusikia uzuri wa maneno yangu, na hilo ndilo lililomfanya alie. Hakuniambia yameisha. Kwa wiki kadhaa hakuweza kula nikiwa karibu. Kisha ukazaliwa wewe, na siku moja, akiwa anakukogesha, akaniita baba Sekela. Tangu hapo maji nachota mimi, unajua, na watu wananicheka.

Basi ukiniuliza dini yangu, siwezi kukupa jina la kuandika. Kwenye karatasi yao andika ya mama yako. Umelelewa kwa nyimbo zake, na sitaona wivu. Ukiingia kanisani ukasikia kitu, kaa nacho. Usisikie, usijifanye. Mimi sikwambii kwamba hakuna Mungu. Nimekaa miaka yote hii na sijui. Ninachojua ni kwamba huko utaona watu wengi wakifa, na utakosea, kwa sababu mikono ya binadamu hukosea, na mtu wa karibu atatokea ambaye itakuwa rahisi kumtwisha kosa lako. Mwuguzi mdogo. Mama wa mgonjwa aliyechelewa kuja. Saa hiyo sala nzuri haitakusaidia, wala kuacha sala. Tafuta pahali padogo pa kukaa kabla hujaongea na mtu, hata iwe kona ya kufulia nguo, useme kilichotokea bila kukipamba. Halafu nenda kwa mwenyewe umwambie. Ukikaa tu bila kwenda, utakuwa kama baba yako.

Maana mimi sikwenda kwa Ruti. Miaka yote hii. Nilimwambia marehemu, nikamwambia mgeni wa Ndalambo, nikamwambia mama yako, na huyu aliye hai, anayekaa mwendo wa kumaliza sigara kutoka hapa, ambaye kila siku anabeba jina nililompa mama yake, sikumwambia. Nilijipa sababu kwamba wewe bado mdogo, utachekwa kisimani. Ulipokua nikasema ngoja amalize shule. Wewe ulikuwa kisingizio changu, Sekela, nawe unaondoka kesho.

Leo mchana nilikwenda. Nilimkuta anakoboa mahindi uani. Aliniwekea kigoda, sikukaa.

"Ruti," nikasema, "mganga hakumtaja mama yako. Nilimtaja mimi."

Aliendelea kutwanga mara mbili tatu, kisha akaulaza mchi.

"Najua, kaka," akasema. "Mama aliniambia asubuhi ile ile. Aliniambia, huyu ni mtoto wetu, kafiwa, ataona haya, atakuja kusema. Nimsubiri."

"Ulijua siku zote?"

"Nimekuona ukienda Ndalambo kila mwaka. Nikasema mwaka huu atapitia kwangu. Nikachoka kusema hivyo." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Sasa umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wale pale kisimani."

Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akasema nijue mwenyewe. Nilipofika njiani akaniita, akasema, "Waambie wakiwa wengi."

Mama yako nimemsomea barua hii hadi hapa. Ameniuliza kama ningali na lile koti langu la ualimu. Ninalo, limeliwa na nondo. Anasema atalishona.

Jumapili watu watakapokuwa wanatoka kanisani nitasimama nje, pale wanapopita wote, niseme. Watatu kati ya wale wanaume watano bado wako hai, na hawatafurahi. Wengine watasema nimerogwa, ndiyo maana nasema hivi. Inawezekana boma likanihitaji. Inawezekana mama yako akabaki peke yake na kahawa kwa muda. Ukisikia habari zangu kwa watu watakaokuja huko kutoka huku kwetu Mbozi, na zitakuwa zimetiwa chumvi, wewe utakuwa nazo kwa mkono wangu, zikiwa hazina chumvi. Usirudi kunitetea. Soma kazi yako.

Nilirudi kwa Ruti kabla ya kuanza kuandika, nikamwambia ni Jumapili, nikamwomba asije, maana inaweza kuwa vibaya. Akasema atakuja, na kwamba atasimama mahali nitakapomwona, ili nikianza kupamba, aniambie nianze tena.

Nikashtuka, kwa sababu neno la yule mjane sikumsimulia. Nimelifikiri jioni hii yote, na naona hakuna ajabu: mtu aliyeonewa husikia uongo mapema kuliko sisi, hahitaji kufundishwa.

Nenda salama, mwanangu. Nitakusindikiza hadi barabarani, na nikinyamaza, ujue nimeshasema.

Baba yako,
Yohana